Mtoto Mbele ya Duka

Kila mtu aliyelelewa katika miji na vijiji vyetu anakumbuka jinsi alivyokuwa akitumwa dukani. Sarafu ilifungwa katika pindo la kanga au ilikamatwa ngumini, na jina la kitu lilirudiwa njia nzima ili lisisahauliwe: kibaba cha sukari, chupa ya mafuta ya taa, kiberiti, kipande cha sabuni. Mwenye duka alipomwona mtoto amesimama mbele yake, mara nyingi swali lake la kwanza lilikuwa, "Umetumwa na nani?" Swali hilo ni fupi, lakini limebeba fikra kubwa juu ya biashara na malezi kama zilivyofahamika kwetu. Mnunuzi hakuwa mtoto. Mnunuzi alikuwa mama au baba aliyebaki nyumbani, na mtoto alikuwa mjumbe wake.

Katika makala haya tunakusudia kutazama jambo ambalo walimu huulizwa na wanafunzi wao mara kwa mara, nalo ni hili: je, mwenye duka anayo haki ya kukataa kumwuzia mtoto bidhaa? Wako wasemao kuwa fedha haina umri, na kwamba mwenye kuileta, awe mdogo au mkubwa, astahili kupewa alichokitaka. Wako pia wasemao kuwa duka ni mali ya mwenyewe, naye humwuzia amtakaye. Sisi tunaona kuwa kauli zote mbili zina upungufu, na kwamba upungufu huo hauonekani vizuri mpaka tuijue historia ya jambo lenyewe. Historia hiyo imepitia katika dini, katika sheria zilizoletwa kutoka ng'ambo, katika dhuluma ya ukoloni, na hatimaye katika sheria tulizozitunga wenyewe baada ya Uhuru.

Mjumbe na mnunuzi

Tuanze na pwani yetu, ambako neno lenyewe duka liliingia katika lugha kutoka Kiarabu. Kwa karne nyingi Waislamu wa pwani wamefuata madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu vilivyosomeshwa sana na masheikh wetu ni Minhaji cha Imamu Nawawi. Katika madhehebu hayo muuzaji na mnunuzi wote wawili hutakiwa wawe watu waliokwisha kubaleghe na wenye busara ya kutunza mali. Kubaleghe peke yake hakutoshi. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, inawaamuru walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiwaona wamekomaa katika busara ndipo wawakabidhi mali zao. Kwa hiyo mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu wa kufunga biashara. Hata hivyo, wanazuoni hao hao walikubali kwamba mtoto anaweza kuaminiwa kupeleka zawadi, au kumwambia mgeni kwamba ameruhusiwa kuingia nyumbani. Ujumbe wa mtoto ulipokewa, ingawa mkataba wake haukupokewa.

Sasa tutazame sheria iliyoletwa na Waingereza. Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 mpaka ilipotungwa Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, nayo ilifuata kwa sehemu kubwa mpango ule ule. Kifungu cha 11 chasema kuwa mtu anayeweza kufunga mkataba ni yule aliyefikia umri wa utu uzima, mwenye akili timamu, na asiyezuiwa na sheria nyingine. Mwaka 1903 Baraza la Mfalme la London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, liliamua kesi moja iliyotoka Calcutta, ambamo kijana asiyetimiza umri aliweka rehani nyumba zake ili akopeshwe fedha. Baraza liliamua kuwa mkataba wa mtoto si mkataba kabisa. Ni kama maandishi juu ya maji. Aliyemkopesha akapoteza.

Huko Uingereza kwenyewe kesi inayosimuliwa sana ni ile ya mwaka 1908, baina ya fundi cherehani aliyeitwa Nash na kijana Inman, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kijana huyo, ambaye alikuwa hajatimiza umri wa utu uzima, alichukua kwa mkopo nguo nyingi, zikiwemo vizibao 11 vya fahari. Fundi alipodai fedha zake, mahakama ilisema kuwa mtoto hulazimika kulipia mahitaji ya lazima tu. Kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kumpatia nguo za kutosha, vizibao 11 havikuwa mahitaji. Fundi akaondoka mikono mitupu.

Fundisho la kesi hizi ni kwamba sheria ilimkinga mtoto kwa kumtia hofu muuzaji. Hapakuwa na askari aliyemzuia fundi kumkopesha kijana, ila fundi alijua kuwa akifanya hivyo hasara ni yake. Wenye maduka wetu walilifahamu jambo hili bila ya kusoma kitabu cha sheria. Mtoto aliyekuja na fedha taslimu alihudumiwa, mtoto aliyekuja kutaka aandikiwe deni katika daftari aliambiwa, "Mwambie mzee wako aje mwenyewe." Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na hakuna apendaye kwenda matangani na mtoto.

Sheria hiyo hiyo inatupa jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu. Mwaka 1953 mahakama za Uingereza ziliamua kwamba bidhaa iliyowekwa rafuni ni mwaliko tu. Mteja akiichukua na kuipeleka kwa muuzaji ndiye anayetoa ombi la kununua, na muuzaji aweza kulikubali au kulikataa. Kwa msingi huo mwenye duka hafungwi kumwuzia kila anayekuja, awe mtoto au mtu mzima. Lakini kuwa na uwezo wa kukataa ni jambo moja, na kukataa kwa haki ni jambo jingine. Tofauti hiyo sisi tulifundishwa kwa uchungu.

Watu wazima waliofanywa watoto

Katika miaka ya 1889 na 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels kujadili biashara ya watumwa. Mapatano yao yaligusa pia biashara ya pombe kali katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka latitudo 20 Kaskazini hadi latitudo 22 Kusini. Nchi zetu zimo ndani ya ukanda huo. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kuwalinda wenyeji na madhara ya pombe. Hatukatai kuwa pombe ina madhara, na wala hatuandiki makala haya kuitetea. Lakini tazama jinsi ulinzi huo ulivyotekelezwa. Katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, Mwafrika alizuiwa kununua pombe kali za Kizungu si kwa sababu ya umri wake, bali kwa sababu ya rangi yake. Kijana wa Kizungu aliyetoka shule jana aliuziwa. Mzee wa Kiafrika mwenye wajukuu na baraza lake la ukoo akakataliwa.

Hali ilikuwa hivyo pia katika mikopo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria za kudhibiti mikopo kwa wale iliowaita wenyeji. Deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa mkopo wenyewe uwe umepata kibali cha ofisa wa serikali. Kwa maneno mengine, sheria ilimweka Mwafrika mzima mahali pale pale ilipomweka kijana wa Cambridge na vizibao vyake. Wakoloni walisema kuwa wanamlinda asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe hakupata bidhaa kwa mkopo kwa wenye maduka makubwa, nao walimkatalia wakijua kuwa sheria iko nyuma yao. Biashara ambayo kwa kila taifa huanza kwa kuaminiana, kwetu ilifungiwa mlango.

Si ajabu basi kwamba mtumishi wa nyumbani mwenye mke na watoto aliitwa "boi". Neno hilo na sheria hizo vilikuwa na asili moja. Mkoloni alimwona Mwafrika kuwa mtoto asiyekua.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu ili wanafunzi wapate kipimo cha kupimia kila kukataa kunakofanywa dukani. Mtoto wa kweli hukua. Anayekataliwa kitu leo kwa sababu ya umri atakipata kesho akitimiza miaka, na anajua hivyo; kukataliwa kwake ni ngazi anayoipanda. Lakini anayekataliwa kwa sababu ya rangi, kabila, au unyonge wake hana ngazi ya kupanda, maana hata akiishi miaka mia atakutwa pale pale. Kukataa kwa namna ya kwanza kwaweza kuwa malezi. Kukataa kwa namna ya pili ni dharau, hata kukipambwa kwa jina la ulinzi.

Sheria za wakati wetu

Baada ya Uhuru sheria zetu zilianza kuhesabu miaka. Nchi yetu iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto uliopitishwa mwaka 1989. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilikataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka huo huo wa 2003 mataifa yalipitisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya udhibiti wa tumbaku, nasi tukauridhia mwaka 2007. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyosema wazi kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kukataza asiuziwe sigara wala vileo. Zanzibar nayo ilitunga Sheria yake ya Mtoto mwaka 2011.

Hapa ndipo lile swali la kale, "Umetumwa na nani?", lilipokutana na sheria mpya na kugongana nayo. Mtoto wa miaka tisa anakuja dukani na kusema, "Baba amenituma sigara mbili." Kwa mazoea yetu mnunuzi ni baba, naye ni mtu mzima, kosa liko wapi? Kwa sheria, mkono unaopokea sigara ni mkono wa mtoto, na muuzaji amekwisha kosa.

Tusidhani kuwa mgongano huu ni wetu peke yetu. Waingereza waliupata zamani. Katika miji yao wazazi walikuwa na desturi ya kuwatuma watoto na jagi kwenda kununua bia, na watoto wakionja njiani. Sheria yao ya mwaka 1901 ilikataza kuwauzia vileo watoto walio chini ya miaka 14, ila kama kileo kimo katika chombo kilichozibwa na kutiwa muhuri. Utaona kuwa sheria hiyo bado ilimtambua mtoto kuwa ni mjumbe. Ilichofanya ni kuziba chombo ili mjumbe asionje ujumbe. Lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ilikwenda mbele zaidi. Ilikataza kumwuzia sigara mtu aonekanaye kuwa chini ya miaka 16, ziwe ni za kuvuta mwenyewe au si zake. Kwa sigara, habari ya kutumwa ikafutwa. Na kwa kuwa muuzaji hana cheti cha kuzaliwa cha kila mteja, sheria ilimtaka atazame sura na umbo, yaani atumie macho na busara yake.

Sisi tunaona kuwa njia hiyo ndiyo ya haki. Kwa bidhaa za kawaida, mwenye duka amtazame aliyetuma. Kwa bidhaa chache zenye sumu, autazame mkono unaopokea. Mtoto aliyezoea kuishika sigara ya baba yake, akijua bei yake na harufu yake, amekwisha kufundishwa nusu ya somo. Nusu iliyobaki ataimaliza mwenyewe.

Jambo jingine ni ukubwa wa kifungu. Mkataba wa tumbaku tulioutaja unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja na pakiti ndogo, kwa sababu vitu hivyo huwa karibu na uwezo wa mfuko wa mtoto. Tulilishuhudia jambo hili katika vileo vilivyofungwa katika mifuko midogo ya plastiki, ambavyo watu waliviita viroba. Kiroba kilipatikana kwa bei ndogo na kilifichika katika mfuko wa sare ya shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kumkataza muuzaji kumwuzia mtoto hakukutosha, maana kitu chenyewe kilitengenezwa kwa kipimo cha mtoto.

Mwana akililia wembe

Yuko atakayetujibu kwa methali: mwana akililia wembe, mpe. Methali hii ni ya wahenga wetu, na inafundisha kuwa mkaidi hujifunza kwa kuumia. Lakini tuulizeni, nani anayempa mtoto huyo wembe? Ni mzazi aliyeketi karibu naye, aliyekwisha kumwonya, na ambaye damu ikitoka atachukua kitambaa amfunge kidole. Methali haikumruhusu mwenye duka amwuzie mtoto wembe kisha afunge duka aende zake. Tena jeraha la wembe huonekana papo hapo na kufundisha siku ile ile. La tumbaku na la kileo hufichika miaka mingi, na likifunguka mwanafunzi hana tena nafasi ya kutumia alichojifunza.

Hata hivyo tungekuwa tumesema nusu ya ukweli kama tungewaacha wenye maduka wadhani kuwa kumkatalia mtoto ni wema sikuzote. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya mwanzo ya 1980 tunaikumbuka hali ya uhaba, sukari na sabuni zilipokuwa zikigawiwa na watu wakisimama katika foleni tangu alfajiri. Tulikuwa na umri wa miaka kumi tulipotumwa mafuta ya taa, mama akiwa mgonjwa. Tulisimama na chupa yetu mpaka jua likawa utosini. Tulipofika mbele, muuzaji alitutazama, akasema, "Hapa hawauziwi watoto. Nenda ukamwite mkubwa wako," kisha akamhudumia mtu mzima aliyekuwa nyuma yetu. Tulisema shikamoo, tukasema mama anaumwa, haikufaa kitu. Usiku ule koroboi haikuwashwa, na hesabu za mwalimu hazikufanywa.

Muuzaji yule hakuvunja sheria yoyote ya mikataba. Lakini hakumlinda mtoto na kitu chochote. Alitumia utoto wetu kuwa njia ya kupunguza foleni, kwa kuwa mtoto hawezi kugombana naye. Mtoto aliyetumwa mkate, daftari, chumvi au mafuta ya kuwashia taa ni mjumbe, na hata mahakama za wakoloni zilikubali kwamba mahitaji ya lazima ya mtoto yana hukumu yake mbali. Kumrudisha mikono mitupu ni kuiadhibu nyumba nzima.

Hitimisho

Tumeona basi kwamba jibu la swali letu si ndiyo tupu wala siyo tupu. Mwenye duka anayo haki ya kukataa, na kwa sigara na vileo haki hiyo imegeuka kuwa wajibu usiokubali udhuru wa kutumwa. Kwa vitu ambavyo sheria haikuvitaja lakini vyaweza kudhuru, kama dawa kali, petroli na sumu ya panya, anatakiwa atumie ile busara ya zamani: aulize, na akishuku amwite mkubwa. Kwa mahitaji ya nyumbani, amhudumie mtoto kwa zamu yake na kwa kipimo kamili, na amrudishie chenji yake mkononi, akijua kuwa ananunuliwa na mtu asiyemwona. Anapokataa akikatae kitu, asimkatae mtoto. Ampe sababu kwa maneno ambayo mtoto ataweza kwenda kumweleza aliyemtuma.

Neno letu la mwisho ni kwa wazazi na walimu, maana ni rahisi kumtupia mwenye duka mzigo wote. Sheria inamkataza yeye kuuza, lakini sisi ndio tunaotuma. Mtoto hawezi kukataa anapotumwa na baba yake. Adabu tuliyomfundisha imemfunga. Mwenye duka akimkatalia, mtoto hurudi nyumbani akiwa na hofu ya kugombezwa kwa kosa lisilo lake. Kwa hiyo mtu mzima anayetaka sigara na aende kuinunua kwa miguu yake. Na mwalimu atakapolijadili somo hili darasani, awaulize wanafunzi wake kile walichotumwa dukani wiki iliyopita, nani aliwatuma, na walihudumiwaje. Katika majibu yao atazikuta sheria zote tulizozitaja hapa, zilizoshikwa na zilizovunjwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sehemu ya malezi hayo hufanyika pale mbele ya duka, kati ya swali la muuzaji na jibu la mtoto.